Mlingoti wa bendera: urefu, bomba na msingi unaofaa jengo lako

Mlingoti huharibikia sehemu mbili. Kichwani, roda (gurudumu dogo linalopitisha kamba) inashika kutu na kamba inakwama. Chini, kutu inalila bomba pale linapotokea kwenye zege. Katikati huwa zima miaka yote. Kwa hiyo ukichagua mlingoti wa shule, ofisi, hoteli au nyumba, usianze na rangi wala umbo la kichwa. Jiulize kwanza: kamba ikikatika, nani atapanda juu kuirudisha? Na maji ya mvua yatatuama wapi pale chini?

Kwa jengo lisilo na ghorofa, mita 6 zinatosha. Kipimo hicho kina faida nyingine: bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) dukani huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo hakuna kuunga. Jengo la ghorofa moja au mbili linapendeza na mlingoti wa mita 9. Ukifika mita 12 na kuendelea, achana na mabomba ya kuunga. Agiza mlingoti uliotengenezwa maalumu, mnene chini na mwembamba juu, na mtengenezaji akuandikie unavumilia upepo wa kasi gani ukiwa na bendera ya ukubwa gani. Akishindwa kukujibu hilo, tafuta mwingine.

Urefu wa bendera uwe kama robo ya urefu wa mlingoti. Bendera za Tanzania, Kenya na Uganda zote zina uwiano wa 2 kwa 3, hivyo mlingoti wa mita 6 unachukua bendera ya sentimita 90 kwa 135. Wa mita 9 unabeba ya sentimita 150 kwa 225 mahali palipotulia, lakini ukanda wa pwani, hasa miezi ya upepo wa kusi, shuka hadi 120 kwa 180. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana mlingoti uliosimama wima mwaka mzima hupinda siku moja, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyeamua kutundika bendera kubwa zaidi, au mbili kwenye kamba moja.

Kuhusu bomba lenyewe, mita 6 zinahitaji GI ya inchi 2 ya unene wa kati (ukuta wa milimita 3.65). Uzito wake ni kama kilo 30, watu wawili wanalisimamisha. Inchi moja na nusu ni rahisi na nyepesi, ila huyumba hadi bolti zinalegea. Kwa mita 9, weka inchi 3 chini, mita 6 nzima, na inchi 2½ juu. Bomba la juu likatwe mita 3.5 na liingie nusu mita ndani ya la chini. Litacheza kidogo, maana kipenyo cha nje ni milimita 76 na nafasi iliyopo ni karibu 81. Fundi achomelee pete mbili za bapa kuziba mwanya kabla ya kuliingiza, kisha achomelee mzunguko wote wa kiungo ili maji yasipate pa kupita. Zinki inayoungua hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo aikwangue kwanza na kazi ifanyike nje. Sehemu zote zilizochomelewa zipakwe rangi ya zinki. Rangi ya fedha ya kawaida inaficha kutu tu.

Alumini inafaa sana karibu na bahari, lakini ina masharti. Isigusane na bolti za chuma cha kawaida, kwa sababu chumvi na unyevu vikiingia kati ya metali hizo mbili alumini ndiyo inayoliwa. Na zege bichi huila, kwa hiyo sehemu itakayozama ipakwe lami. Fibaglasi haina kutu na ni nyepesi, ila jua huchubua uso wake ukikosa kupakwa rangi mara kwa mara. Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa si ya kudharau shambani au kijijini. Isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa.

Sasa msingi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Njia iliyozoeleka ni kuchimba shimo, kusimika bomba na kumwaga zege. Miaka michache baadaye kutu imekata bomba usawa wa ardhi, na kila kinachoharibika juu kinahitaji mtu apande ngazi. Mlingoti wa kulaza, yaani unaoshikwa kati ya chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la U) na kulazwa chini ukitaka kuutengeneza, unatatua yote mawili, na gharama ya ziada ni chaneli hizo na bolti mbili.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 90. Simamisha chaneli mbili za chuma za milimita 100 kwa 50, kila moja urefu wa mita 1.8, migongo ikitazamana, nafasi kati yao milimita 64. Sentimita 80 zizame kwenye zege, mita moja ibaki juu. Kabla ya kumwaga, toboa matundu ya bolti za milimita 16: moja sentimita 20 kutoka usawa wa zege, la pili sentimita 90. Zifunge chaneli na bolti zake na kipande cha bomba katikati, zisije zikasogeleana zege linapomwagwa. Pima kwa timazi pande mbili, si upande mmoja. Uwazi kati ya chaneli uelekee kule unakotaka mlingoti ulale, yaani penye nafasi ya mita 6 bila ukuta, mti wala waya.

Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) kwa shimo hilo linakula mifuko 2 ya saruji ya kilo 50, ndoo 7 za lita 20 za mchanga na ndoo 14 za kokoto. Mlingoti wa mita 9 unataka shimo la sentimita 80 kwa 80, kina mita 1.2, na mifuko 5, pamoja na chaneli ndefu zaidi zilizotanuliwa kulingana na bomba. Kwenye mchanga wa ufukweni ongeza upana wa shimo kuliko kina. Juu ya zege pawe na mteremko wa kumwaga maji nje. Mwagilia siku 7 kabla ya kusimamisha.

Matundu ya bolti hudhoofisha bomba pale pale linapobeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo ingiza ndani ya bomba la inchi 2, upande wa chini, kipande cha inchi moja na nusu chenye urefu wa mita 1.2, ndipo utoboe vyote kwa pamoja. Mguu wa mlingoti ubaki sentimita 10 juu ya zege na uachwe wazi, maji yanayoingia yatoke. Siku ya ukarabati unachomoa bolti ya chini tu, mlingoti unazunguka kwenye ile ya juu na kulala.

Kichwani, ziba bomba kwa kofia, kisha funga roda ya shaba nyeupe, chuma cha pua au nailoni. Ile ya chuma ya kuvutia maji kisimani haifai. Mfereji wa roda uendane na kamba: kamba ya milimita 6 kwenye mfereji mpana huruka pembeni na kubanwa kati ya gurudumu na shavu lake, na ukivuta kwa nguvu ndivyo inavyojikaza. Tumia milimita 8 ya poliesta. Zile kamba za manila za plastiki huchakazwa na jua, zinaanza kumwaga unga kisha zinakatika. Katani hufura kwa mvua na kuoza. Urefu uwe mara mbili ya mlingoti na mita mbili zaidi, yaani mita 14 kwa mlingoti wa mita 6. Kishikizo cha kufungia kamba kiwe mita 1.7 kutoka chini, watoto wasikifikie.

Bendera inayopanda saa 12 asubuhi na kushuka saa 12 jioni inapitisha kamba kwenye roda mara mbili kwa siku, lakini kuifunga bendera kwa waya juu ili kukwepa kazi si suluhisho. Ikitangazwa nusu mlingoti, kama ilivyokuwa Machi 2021 Tanzania alipofariki Rais Magufuli, hutaweza kuishusha. Kwa mwenye hoteli au nyumba binafsi, kumbuka pia kwamba bendera ya taifa inalindwa na sheria. Ulizia ofisi ya serikali iliyo karibu kabla ya kuipandisha.

Mahali pa kusimika pawe mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wa mlingoti, ukiongeza mita 3. Ajali hutokea siku ya kusimamisha, bomba likigusa waya mikononi mwa watu. Kanda ya Ziwa na milimani, ambako radi ni za kawaida, unganisha chaneli na fimbo ya ethi ya shaba (inayopeleka umeme wa radi ardhini), na mistari ya paredi isipangwe kuuzunguka mlingoti mawingu yakiwa mazito.

Kama kiwanja hakina nafasi, mlingoti mfupi wa mita 2 ukutani, ulioinama nyuzi 45, unatosha. Ila usiufunge kwenye tofali tupu kwa skrubu. Pitisha bolti kwenye nguzo au linta ya zege hadi upande wa ndani, na uweke bapa la chuma nyuma yake. Kwenye paa la mabati usiuweke kabisa. Utavujisha kila msimu wa mvua.