Mambo ya kuandaa kabla ya kufundisha familia kwa Kiingereza

Mwalimu wa tuisheni ya jioni Mbagala au Tandale akipewa mada tatu kwa mkupuo, yaani majina ya ndugu, wakati uliopo unaoendelea, na maneno ya idadi na kiasi, hukimbilia kitabu. Mimi naona pa kuanzia ni Kiswahili cha wanafunzi wake. Anayeanza Kiingereza anaingia darasani na lugha kamili kichwani, na makosa mengi atakayoyafanya katika mada hizi unaweza kuyaona mapema ukikaa chini na kulinganisha.

Anza na ndugu. Chora kwenye karatasi ya manila ukoo mmoja wa kubuni, wenye bibi, babu, wazazi, watoto na ndugu wa pande zote mbili. Nasema wa kubuni kwa makusudi. Darasani wamo watoto wanaolelewa na bibi, waliotoka mkoani kuja kuishi kwa shangazi, waliofiwa na mzazi. Si haki kumsimamisha mtoto aeleze baba yake yuko wapi ili tu ajifunze neno "father". Anayetaka kuzungumzia kwao atasema mwenyewe, na asikilizwe.

Kisha kagua ukoo huo jina kwa jina. Mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote watakuwa "uncle". Shangazi, mama mkubwa na mama mdogo wote "aunt". Jiandae, kwa sababu yuko atakayekataa: "Mwalimu, huyu ni baba yangu mdogo, ni baba." Yuko sahihi, na mwambie hivyo mbele ya wenzake. Mweleze kwamba Kiingereza kinawaweka kapu moja ndugu ambao sisi tunawatofautisha, na heshima ya baba mdogo nyumbani iko palepale. Ni hivyo hivyo kwa "cousin": sisi mtoto wa mjomba au shangazi ni binamu, lakini wa baba mdogo au mama mkubwa ni kaka au dada tu. Kwa Kiingereza wote hao ni "cousin", mvulana kwa msichana. Wifi na shemeji waache wiki nyingine.

Ugumu mkubwa kuliko majina yote ni "he" na "she". Sisi tukisema "anapika" hatujasema ni mwanamke au mwanamume, na hatuhitaji kusema. Ndiyo maana hata mtu aliyesoma miaka mingi humwita mama yake "he". Tenga muda wa kutosha: onyesha picha, darasa lijibu haraka, rudia kesho na keshokutwa. Ongeza "his" na "her", maana "yake" yetu nayo haibagui.

Kwenye wakati unaoendelea, picha ya familia nyumbani Jumamosi asubuhi inatosha somo zima. "Anapika" kwa Kiswahili inaweza kuwa ya sasa hivi au ya kila siku, kwa hiyo wanafunzi watasema "she cooking" au "she is cook". Andaa jozi za sentensi zenye "now" na "every day" ili waone kinachobadilika, na kila mara uwadai "am", "is" au "are" kabla ya kitenzi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hatulitaji. Hali nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa "-ing", sisi huzieleza kwa "-me-". Bibi amelala, babu amekaa, dada amevaa kanga, mama amebeba mtoto. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa "-me-" ni "has" ataandika "has slept", na hatakuwa mzembe, atakuwa anafuata ulichomfundisha. Kabla ya kipindi gawa vitenzi vya picha yako makundi mawili: vya "-na-" kama kufagia, kufua na kucheza, na vya "-me-" kama "sleeping", "sitting", "standing", "wearing" na "carrying". Kundi la pili ndilo lifanyiwe mazoezi zaidi. Upande wa pili, "anajua", "anataka" na "anapenda" zina "-na-" lakini hazichukui "-ing". Ziandike pembeni ya ubao na uziache hapo wiki nzima.

Matamshi ni mepesi ukikumbuka ng'ombe. Sauti ya mwisho ya "cooking" ni ile ile ya ng' yetu, bila irabu nyuma yake. Mwanafunzi asiseme "kukingi".

Idadi na kiasi panahitaji duka. Leta pakiti tupu ya unga, chupa ya mafuta ya kula, trei ya mayai isiyo na mayai, kopo la maziwa. Fikiria ngeli kabla hujafika: maji, maziwa na mafuta kwetu huchukua upatanisho wa wingi, maji mengi, mafuta mengi, na ndipo "many waters" inapotoka. Nywele nazo ni nyingi kwetu, lakini "hair" ya kichwani haihesabiki. Hapa kipimo kinasaidia sana, na mtoto anayetumwa dukani anakijua: sukari haihesabiki, kilo zinahesabika, "two kilos of sugar". Watauliza kuhusu hela, maana wanazihesabu kila siku. Wajibu kwamba zinazohesabiwa ni shilingi, "how many shillings", lakini "how much money".

Mimi ningeanza na "a lot of", kwa sababu inakubali pande zote mbili na inampa anayeanza ujasiri wa kuongea. Kisha "many" na "much", hasa kwenye maswali, ndipo "a few" na "a little". "Some" na "any" zinasumbua kwa kuwa sisi husema "kuna mayai?" na kuridhika. Zifundishe ndani ya mazungumzo ya duka, "Are there any eggs?", bila maelezo marefu.

Usitegemee projekta, umeme hukatika. Manila na kalamu nene vinatosha. Ukifundisha kati ya Machi na Mei, usipange zoezi la kusikiliza kwenye chumba cha bati, mvua ikianza hamtasikilizana. Weka akiba zoezi la kuandika.

Usizimwage mada zote siku moja. Ndugu kwanza, siku nyingine matendo yao, kisha vilivyomo jikoni. Siku ya mwisho rudisha picha ile ile ya Jumamosi na uwaombe wasimulie: "My aunt is cooking. She is using a lot of oil." Anayekwama kwenye "she" au "is", mrudishie picha moja tu, si ukoo mzima.