Jinsi ya kukata tawi kubwa bila kuchana shina

Nianze na tawi lililonitia adabu. Lilikuwa nene kama paja, mi nikapiga chenso (msumeno wa mashine) kutoka juu kwenda chini, mkato mmoja tu, najiona fundi, na kabla sijafika hata katikati tawi likakatika lenyewe kwa uzito wake likashuka na gome la shina, ukanda wa kama mita moja na nusu umechunika kama mtu kamenya ndizi. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi hakufoka hata kidogo, alisema shuka, leo utakusanya majani. Nikakusanya majani mpaka jioni.

Kwahiyo leo naelekeza hicho tu, tawi moja kubwa linavyotakiwa kutoka. Na nnaposema tawi kubwa namaanisha lile ambalo ukilishika kwa mkono mmoja haliendi popote.

Kabla hujagusa msumeno

Zunguka mti mzima, pole pole, macho juu. Unatafuta matawi makavu yaliyonasa huko juu yanayosubiri kumdondokea mtu, mzinga wa nyuki (huo ukiukosa kuuona utauona baadae), kiota, na waya wa umeme. Kama kuna waya karibu acha, piga simu kwa watu wa umeme wakate kwanza moto, hapo hakuna ujanja, tawi bichi lina maji na linapitisha umeme vizuri tu, sio lazima wewe mwenyewe uguse waya.

Halafu angalia chini ya shina. Uyoga umeota kwenye mizizi? Udongo umeinuka upande mmoja kama mti unataka kung'oka? Gonga shina kwa nyundo ya mbao usikilize, mti mzima unatoa sauti fupi ngumu, uliooza ndani unalia kama ngoma. Mti wa namna hiyo hupandi juu yake, unaitiwa mtu mwenye mashine ya kumnyanyua.

Na hii naisema mapema: kama hufiki hilo tawi ukiwa umesimama chini, na hujafundishwa kupanda kwa kamba, mwongozo huu kwako ni wa kumsimamia fundi asikuharibie mti. Ngazi na chenso haviendi pamoja. Tawi likiondoka, lile lililobaki linaruka juu kwa kupungukiwa mzigo, na ngazi yako ilikuwa imeegemea hapo hapo.

Vifaa

Helmeti yenye kinga ya uso na masikio, glavu, buti, suruali maalum ya chenso (ina nyuzi ndani zinazonasa mnyororo ukisimama kabla haujafika kwenye nyama). Kwa anayepanda, hanesi (mikanda ya kumshikilia mwilini) na vishikizo viwili tofauti wakati wa kukata, yaani kamba kuu ya kupandia pamoja na ile fupi ya kuzungushia shina, bora yenye waya wa chuma ndani, sababu ukibaki na kamba moja tu na chenso ikaipitia basi huna kitu tena.

Mnyororo uwe mkali. Angalia kinachotoka: zikitoka chenga nzima uko sawa, ukitoka unga basi meno yamekufa, piga tupa kwanza. Msumeno butu unakulazimisha ukandamize, na ukikandamiza ndo unateleza. Usikate kwa ncha ya juu ya bao (ile sahani ndefu ya chuma mnyororo unapozungukia), hapo ndo chenso inaporuka kurudi usoni kwako. Na mikono miwili, siku zote.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Hii watu wanairuka. Chukua tawi la unene wa sentimita 30 kipenyo na urefu wa mita 4, hilo likiwa bichi linaweza kupita kilo 200 kirahisi, na hapo sijahesabu vijitawi na majani. Kwahiyo usilikate lote kwa mpigo. Anzia nchani, toa vipande vifupi ukirudi ndani, kila kipande unachojua kitaangukia wapi. Kama chini kuna paa au ukuta, kinafungwa kamba kwanza na kushushwa taratibu na mwenzako aliye chini, kamba yake ikiwa imezungushwa kwenye shina ili msuguano ubebe mzigo, sio mikono yake.

Mkubaliane maneno kabisa. Sisi aliye juu anauliza "chini pako wazi?" na hakati mpaka asikie "pako wazi!". Kimya maana yake hapana, mwenzako anaweza kuwa ameziba masikio au kaenda kunywa maji.

Hatua ya 2: Mkato wa chini

Sasa umebaki na kipande kinene karibu na shina. Toka nje ya shina kama sentimita 30, ukate kutoka CHINI kwenda juu, robo mpaka theluthi ya unene, usizidishe. Ukizidisha tawi litakaa na kubana bao na utabaki unavuta chenso kama mtu kafungiwa mlango. Huu mkato mdogo ndo ambao ungeniokoa mimi na ile aibu: gome likianza kuchanika linafika hapo linaishia.

Hatua ya 3: Mkato wa juu

Sogea nje kidogo, sentimita 2 hadi 5 kutoka mkato wa kwanza, ukate kutoka juu mpaka tawi liende. Litakatika na kubaki kigutu. Simama pembeni yake, usikae chini yake wala nyuma ya bao.

Hatua ya 4: Kigutu, na hapa usikimbie

Angalia pale tawi linapotokea kwenye shina. Chini yake pana uvimbe kama kola ya shati, na juu, kwenye pembe, gome limejikunja kama mshono. Ile kola ni sehemu ya shina, sio ya tawi. Unakata nje yake tu, kuanzia nje kidogo ya mshono wa juu ukishuka kwa mshazari mpaka nje ya uvimbe. Shika kigutu kwa mkono kabla ya kumaliza kama unatumia msumeno wa mkono, nacho kinaweza kuchuna.

Zamani mafundi walikata sawasawa na shina, laini kabisa, panapendeza machoni. Aliyeonyesha ubaya wake ni Alex Shigo, Mmarekani wa idara ya misitu, aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu aone kilichotokea ndani baada ya kukatwa. Aligundua mti hauponi kama ngozi yetu, unachofanya ni kujenga kuta kuzunguka sehemu iliyooza na kuendelea kukua juu yake, na kinga kali kabisa iko kwenye ile kola. Ukiikata umempa kuvu mlango wazi. Ukiacha kigutu kirefu nacho ni kosa, kinakufa, kinaoza, na mti hauwezi kukifunika.

Tawi kavu: kola inakuwa imetambaa mbele zaidi kwenye tawi lenyewe. Ifuate huko huko ilipo, kata ile sehemu kavu tu.

Hatua ya 5: Usipake kitu

Wenye miti hawanielewi hapa. Hawataki kuona kidonda kitupu, wanataka rangi, lami, wengine wananiletea kopo kabisa wamelishika mkononi. Haizuii kuoza, mara nyingi inafungia unyevu humo ndani. Acha wazi. Pia usitoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima kwa mwaka mmoja hata kama mwenyewe anasisitiza, majani ndo jiko lake.

Kurudi kukagua

Rudi baada ya msimu wa kukua. Ukikuta gome jipya limeinuka kama pete, mviringo kote kote, ulikata mahali pake. Limeota kushoto na kulia tu, juu na chini patupu, basi uliingia ndani ya kola. Huwezi kurudisha, ila tawi linalofuata kwenye mti huo huo anza sentimita moja nje zaidi.