Kukataza kwa Kihispania: anzia kwenye "yo"

Kwa wenzangu wa Kigoma mnaojisomea Kihispania kwa simu: ukitaka kumkataza mtu, chukua kitenzi kama kilivyo kwenye nafsi ya kwanza umoja (*yo*, yaani "mimi"), wakati uliopo, ondoa *-o* ya mwisho, kisha geuza irabu. Vitenzi vya *-ar* vinachukua *e*. Vya *-er* na *-ir* vinachukua *a*. Malizia kwa *s*, tanguliza *no*, basi. *Comprar*, *compro*, *no compres*: usinunue. *Abrir*, *abro*, *no abras*: usifungue. Ukipita mwaloni Kibirizi jizoeze kimoyomoyo: *no vendas este pescado*, usiuze samaki huyu. Hapo unasema na rafiki au mtoto. Kwa mtu wa heshima ondoa *s* (*no compre*), kwa wengi weka *n* (*no compren*). Sisi hatupati shida kubwa, maana hata "fungua" tunaimalizia kwa *e* tukikataza.

Napenda kuanzia nafsi ya kwanza kwa sababu hata vitenzi vikorofi vinatii: *tengo* inatoa *no tengas*, *hago* inatoa *no hagas*. Njia inakwama pale nafsi ya kwanza isipoishia kwa *-o* tupu: *soy, voy, estoy, doy, sé*. Hivyo kariri: *no seas, no vayas, no estés, no des, no sepas*. Tahajia nayo hubadilika ili kulinda sauti: *tocar* ni *no toques*, *llegar* ni *no llegues*. Na kiwakilishi hukaa kabla ya kitenzi: *no lo vendas*, usimuuze.