Kufufua kipanya cha gololi

Kabla hujashika bisibisi, sogeza kipanya cha kompyuta polepole kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Kishale kikitii upande mmoja na kugoma upande wa pili, kazi imeshapungua nusu. Kipanya tangu kuzaliwa hugawa mwendo mara mbili. Kile cha mbao ambacho mhandisi Bill English alimtengenezea mvumbuzi wa kipanya, Douglas Engelbart, mwaka 1964, katika Stanford Research Institute huko California, kilikuwa na magurudumu mawili yaliyokingamana, kila moja na upande wake. Gololi ilifuata: kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilitangaza kipanya chake cha gololi Oktoba 1968, naye English akatumia gololi katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC mwaka 1972. Magurudumu hayakutoweka, yaligeuka rola nyembamba za ndani, na hizo ndizo zinazokusumbua.

Zima kompyuta kwanza. Plagi ya duara ya PS/2 haikuundwa kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Unaweza kuunguza fyuzi ndogo ya ubao mama, na kibodi nayo ikafa.

Pindua kipanya, zungusha kifuniko kufuata mshale, gololi idondokee kiganjani. Ni chuma kilichovishwa raba, basi ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uiache ikauke. Usiiloweke kwenye petroli: raba huharibika, gololi ikaanza kuteleza.

Sasa chungulia tunduni. Rola iliyolala kufuata urefu wa kipanya husoma kushoto na kulia. Iliyokingama husoma mbele na nyuma. Ya tatu, fupi yenye springi, haisomi chochote, kazi yake ni kuisukuma gololi iegemee zile mbili. Katikati ya kila rola utakuta mkanda mweusi mgumu wa jasho, vumbi na nyuzi. Kwa joto na unyevu wa Mombasa mkanda huo hurudi upesi, kwa hiyo usishangae ukirudia kazi hii kila baada ya wiki chache. Ukwangue kwa kijiti cha meno huku ukizungusha rola kwa kidole, umalizie kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kisu hapana, mkwaruzo hushika uchafu zaidi. Spiriti ya asilimia 70 ina maji, ngoja ikauke kabisa. Rola ikiwa nzito kwa kutu ya hewa ya chumvi, gusa ncha ya mhimili wake kwa sindano iliyochovywa mafuta ya cherehani, mbali na inapogusana na gololi.

Bado kinasumbua? Fungua parafujo, mara nyingine hujificha chini ya karatasi ya nembo. Kila rola ina gurudumu lenye matundu, katikati ya taa ya infraredi na vitambuzi viwili vilivyopishana kidogo. Kitambuzi kinachotangulia kuona mwanga ndicho kinachoeleza mwendo unaelekea wapi. Kimoja kikizibwa, kishale hutetemeka palepale bila kwenda. Puliza vumbi. Ganda likiwa jeupe na jembamba, jua la dirishani nalo huweza kuvipofusha: kikinge kwa mkono ujaribu tena kabla hujalaumu kitu kingine.

Kishale kikikatika ukichezesha waya unapoingilia gandani, kata kipande hicho, sentimita 5 hivi, ulehemu upya rangi kwa rangi.