Jaribio lako la kwanza la saikolojia ya jamii kwenye vikoba, hatua kwa hatua

Vijana wanaosoma maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii hapa Moshi huniletea mapendekezo yao ya utafiti, na karibu yote ni dodoso. Swali linaweza kuwa lolote, jibu ni dodoso. Hivi karibuni nimemsindikiza binti mmoja aliyekuwa na swali zuri sana: kwa nini kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wanachama wanakubali kwa kauli moja kupandisha hisa, halafu njiani kurudi nyumbani kila mmoja anasema alikuwa hataki? Swali hili halijibiwi kwa dodoso, linataka jaribio. Naandika tulivyolipanga ili na wewe uweze kulifanya, uwe Kiboriloni, Pasua au Ngarenaro kule Arusha.

Hatua ya 1: Punguza swali

Swali la jaribio lina vitu viwili tu: kile unachobadilisha wewe (kigeu huru) na kile unachopima (kigeu tegemezi). Letu likawa: mtu anapotakiwa kutoa kadirio lake kwa sauti mbele ya wenzake, je, anasogea zaidi upande wa kundi kuliko anapolitoa kwa siri?

Hisa tuliziacha kando. Hela za watu si za kuchezea, na kila mwanachama ana sababu zake za nyumbani. Tukachukua maharage ndani ya chupa ya kioo, watu wakisie idadi. Arthur Jenness alitumia chupa ya maharage kuchunguza makadirio ya vikundi mwaka 1932, kwa hiyo uko kwenye njia ambayo wengine wamekwisha kuipita.

Hatua ya 2: Shika dhana hizi kabla ya kitu kingine

Mwaka 1935 Muzafer Sherif aliwakalisha watu kwenye chumba cha giza na kuwaonyesha nukta ya mwanga. Mwanga haukusogea, lakini gizani macho huona kama unasogea. Kila mtu akiwa peke yake alikuwa na kadirio lake. Walipowekwa pamoja makadirio yakakaribiana, na baadaye, hata mtu alipokuwa peke yake tena, alibaki karibu na kadirio la kundi. Hawa walifuata wenzao kwa sababu hawakuwa na uhakika.

Katika miaka ya 1950 Solomon Asch alifanya jambo tofauti. Aliwaonyesha wanafunzi wa Marekani mistari ambayo urefu wake ulionekana wazi, huku wengine wote chumbani wakiwa wamepangwa kusema jibu lisilo sahihi. Karibu robo tatu ya washiriki walifuata kundi angalau mara moja. Lakini alipomruhusu mshiriki aandike jibu lake badala ya kulisema, kufuata kundi kulipungua sana. Kwa hiyo wengi wao waliuona ukweli. Walichoogopa ni kuwa peke yao.

Morton Deutsch na Harold Gerard walizitenganisha nguvu hizi mbili mwaka 1955. Mimi naziita mvuto wa taarifa (nakufuata kwa sababu huenda unajua) na mvuto wa kukubalika (nakufuata ili nisionekane mkaidi). Ziandike ukutani. Hatua ya 5 yote inasimama juu ya tofauti hii.

Hatua ya 3: Kwa nini jaribio

Richard LaPiere alizunguka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 na mume na mke wa Kichina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa. Katika hoteli na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu zilezile kuuliza kama zingepokea wageni wa Kichina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1934. Watu wanachosema kwenye karatasi na wanachotenda mlangoni ni vitu viwili, na ukimwuliza mama wa Pasua "Je, huwa unafuata wenzako?" atakupa jibu la heshima, siyo mwenendo wake.

Kukaa pembeni na kushuhudia kikao ni njia nzuri ya kuanzia, nenda kashuhudie. Ila hutajua waliokubali kwa sauti walikubali kwa sababu ya sauti, au kwa sababu mwenyekiti ameshazungumza nao jana.

Hatua ya 4: Vibali

Barua ya chuo, ofisi ya mkoa, ofisi ya wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, halafu uongozi wa kikoba. Utaratibu unaujua. Usichukue majina wala namba za simu, namba ya meza na ya kadi zinatosha.

Jambo moja silegezi. Usipande watu wa kudanganya kama Asch. Kikoba kinaishi kwa kuaminiana; ukimtumia Mama fulani kuwahadaa wenzake, wewe utaondoka na yeye atabaki nao. Jaribio hili linafanyika bila uongo wowote.

Hatua ya 5: Gawa watu kwa bahati, na hakikisha kinachotofautiana ni kimoja tu

Hapa ndipo tafiti za wanafunzi hufia, kwa hiyo tulia.

Mpango wa kwanza unaomjia kila mtu ni huu: meza moja ya watu watano wanasema makadirio kwa sauti, meza nyingine wananong'ona kwa msaidizi, kisha unalinganisha. Haufai. Wa meza ya sauti wamesikia namba za wenzao, wa meza ya siri hawajasikia chochote. Ukiona tofauti, huwezi kusema ni aibu ya kujitenga au ni kwamba wamepata taarifa. Umechanganya Sherif na Asch kwenye sufuria moja.

Dawa yake ni raundi mbili. Raundi ya kwanza, kila mtu kwenye kila meza anamnong'oneza msaidizi kadirio lake. Msaidizi anaziandika namba tano kwenye karatasi kubwa kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kuonyesha ipi ya nani, na kuisomea meza nzima mara mbili. Mpaka hapa meza zote ziko sawa, zote zimepata taarifa. Raundi ya pili ndiyo inatofautiana: meza za sauti kila mtu anatamka kadirio lake la mwisho wenzake wakisikia, meza za siri kila mtu ananong'ona tena. Tofauti kuu iliyobaki ni kusikika, ingawa kwenye meza za sauti wanaofuata husikia pia namba mpya za waliotangulia.

Kwa nini kunong'ona na si kuandika? Kwenye vikoba vingi kuna wazee wasioandika. Ukigawa kalamu, unamlazimisha bibi kuomba msaada mbele ya wote, na siri yake imekwisha. Wote wakinong'ona hakuna anayejulikana. Lakini basi msaidizi asiwe mtu wa mtaa huo.

Sasa kugawa. Weka kadi kwenye kofia, kila kadi ina namba ya meza na namba ya zamu, 1 hadi 5. Kila mtu anachomoa mwenyewe anapoingia. Usigawe kwa "waliowahi huku, waliochelewa kule": wanaowahi ni viongozi na wanaoogopa faini, wanaochelewa wana biashara sokoni. Usimwachie mwenyekiti apange, hata akikuambia anawajua watu wake, maana ndiyo shida yenyewe. Na usikubali marafiki wabadilishane kadi. Watajaribu.

Kuna mtego mwingine ambao mtu wa nje hauoni. Vikoba vingi tayari vina vikundi vidogo vya watu watano wanaodhaminiana mikopo. Unakuta meza tano tano zimeshajipanga, unafurahi. Usizitumie. Watu hao wana deni la pamoja. Kukubaliana kwao kuna historia ambayo jaribio lako haliwezi kuiona. Wavunje kwa kadi.

Viongozi na washika funguo wa sanduku mimi huwatoa nje ya jaribio kwa heshima, na kuwapa kazi ya kusimamia mlango na kutunza muda. Mwenyekiti akitamka namba kwanza, waliobaki wanne wanapima cheo chake, hawapimi maharage. Wapo watakaosema cheo ni sehemu ya maisha ya kikoba. Ni kweli, na ni utafiti mwingine.

Ndani ya kila kikoba, nusu ya meza ziwe za sauti na nusu za siri, nazo zichaguliwe kwa kura. Ukifanya kikoba cha Majengo chote sauti na cha Kiboriloni chote siri, umelinganisha mitaa. Wakibaki watu wawili wasiotosha meza, wasaidie kazi nyingine; usitengeneze meza ya watu saba. Meza ziwe mbali kiasi cha kutosikilizana, na hapa uwanja wa kanisa au wa shule ni bora kuliko sebule.

Na chupa yenyewe: wauza nafaka wa Kiboriloni wanayajua maharage, kufuata kundi kutakuwa kudogo kwa sababu wana uhakika. Kwao tumia shanga. Kwa wanaouza shanga Arusha, rudi kwenye maharage.

Mwisho wa hatua hii, wasaidizi. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walionyesha kwamba wanafunzi walioambiwa panya wao ni werevu walipata matokeo bora, ingawa panya walikuwa wa kawaida. Ikiwa matarajio yanawafikia panya, yatamfikia Mama Neema akimtazama msaidizi usoni. Andika maneno yote ya kusema, yasomwe neno kwa neno, na kama unaweza usimwambie msaidizi unatarajia nini.

Hatua ya 6: Mazoezi na siku yenyewe

Fanya mazoezi na majirani, meza mbili zinatosha. Siku yenyewe omba muda baada ya michango na kabla ya mikopo. Mikopo ikishatangazwa, nusu ya watu wamekwenda.

Hatua ya 7: Hesabu

Kwa kila mtu tafuta alisogea kiasi gani kuelekea wenzake. Chukua namba ya katikati ya wenzake wanne katika raundi ya kwanza, yaani wastani wa zile mbili za kati. Usitumie wastani wa zote nne, kwa kuwa mtu mmoja akisema 10,000 ameharibu meza nzima. Mfano: alisema 900, namba ya katikati ya wenzake ni 500, mwisho akasema 700. Umbali ulikuwa 400, amesogea 200, alama yake ni 0.5. Asiyesogea ana 0, aliyefika kabisa ana 1. Aliyekuwa karibu sana na wenzake tangu mwanzo hana pa kusogea na alama yake itarukaruka ovyo. Weka kanuni ya kumwacha nje kabla hujaona data, na uiandike yenye tarehe.

Sasa sikiliza vizuri. Vikoba vinne vya washiriki 30 vinakupa meza 24 na watu 120, lakini kwenye jaribio la t (hesabu ya takwimu inayolinganisha wastani wa makundi mawili) una vipimo 24, siyo 120. Watu wa meza moja wamesikilizana, majibu yao si ya kujitegemea. Tafuta wastani wa alama za kila meza, kisha linganisha meza 12 na meza 12. Ukiingiza 120 utapata matokeo ya kupendeza yasiyo ya kweli. Na kwa meza 24 utaweza kuona tofauti kubwa tu. Ukikosa, usiandike kwamba "sauti haina athari".

Tumia jamovi, programu ya takwimu. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye laptop ya kawaida, na sioni sababu ya mwanafunzi kubeba SPSS ya kuibia.

Hatua ya 8: Kuandika

Andika matokeo yote, hata yasiyokufurahisha. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia, na ni kama 36 kwa mia tu zilizotoa tena matokeo ya wazi, kwa hiyo la kwako nalo litarudiwa na mtu. Mwachie maneno ya wasaidizi na data bila majina.

Rod Bond na Peter Smith walikusanya mwaka 1996 tafiti 133 za mtindo wa Asch kutoka nchi 17, wakaona kufuata kundi ni kwingi zaidi kwenye jamii zinazothamini umoja. Utashawishika kuandika kwamba sisi Waafrika ndivyo tulivyo. Usiandike. Jaribio lako limelinganisha sauti na siri ndani ya vikoba vya Moshi, halikulinganisha Moshi na Marekani.

Kisha rudi kwenye kila kikoba, uwape matokeo kwa lugha yao, na kama wanataka, waonyeshe kura ya siri inavyoweza kufanyika kwa punje za mahindi na maharage ndani ya mfuko: mahindi ndiyo, maharage hapana.