Kuuza ghala lenye ofisi mjini: likague wewe kabla ya mnunuzi

Bei ya ghala mara nyingi haivunjiki wakati wa kupatana. Huvunjika wiki chache baadaye, fundi wa mnunuzi anapopanda kwenye paa, au wakili wake anapotafuta kibali cha ujenzi asikione. Ndiyo maana kazi kubwa ya muuzaji iko kabla ya tangazo.

Hatua ya 1: Makaratasi

Chukua taarifa mpya ya usajili wa kiwanja, uisome mstari kwa mstari: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, haki ya jirani ya kupita, njia ya bomba au nyaya. Rehani iliyokwisha kulipwa lakini haijafutwa kwenye daftari inachelewesha mauzo mengi. Kuifuta kunategemea benki, kwa hiyo ianze mapema.

Kisha linganisha ramani zilizoidhinishwa na jengo lenyewe. Kwenye maghala ya zamani tofauti huwa ndani: ghorofa ndogo ya chuma iliyojengwa juu ya stoo ikageuzwa ofisi. Kama haina kibali, iombee kibali au iondoe kwenye hesabu ya eneo.

Uliza pia mpango wa mji unaruhusu nini hapo. Ghala lililozungukwa na nyumba za watu linaweza kuwekewa mipaka ya kelele na saa za malori. Na kama mpango unaruhusu makazi, huenda mnunuzi bora ni mjenzi anayetaka kiwanja tu, na kwake jengo ni gharama ya kubomoa.

Hatua ya 2: Pima

Hapa ndipo matangazo mengi hupwaya. Mwenye mizigo hatazami sakafu peke yake, anatazama na kimo. Simama chini ya kenchi (fremu inayobeba paa), pima kutoka sakafuni hadi kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote: boriti, taa, bomba la kuzimia moto. Hicho ndicho kimo cha kupangia mizigo. Kimo cha paa kwa nje hakimsaidii mtu. Rudia sehemu kadhaa, uandike kidogo kuliko vyote.

Andika pia nafasi kati ya nguzo, na upana na kimo cha kila mlango. Kama kuna jukwaa la kupakilia, pima kimo chake. Majukwaa mengi yana mita 1.2 hivi, sawa na sakafu ya trela. Trela ya kontena la futi 40 pamoja na kichwa chake hufika karibu mita 16, kwa hiyo usiandike "malori yanaingia". Taja lori la urefu gani linaingia na kugeuka bila kurudi kinyumenyume barabarani.

Uwezo wa sakafu kubeba uzito utoke kwenye michoro ya mhandisi. Michoro ikikosekana, mlipe mhandisi atoboe zege apime unene na chuma kilichomo; usikisie. Umeme nao utajwe kwa fezi na ampea za swichi kuu. Eneo la ofisi liandikwe peke yake, maana bei yake kwa mita ya mraba si ya ghala, na mtu wa mizigo haoni sababu ya kulipia vyumba asivyovihitaji.

Hatua ya 3: Paa na udongo

Kagua paa mvua ikinyesha, kwa kufuata alama za maji ukutani na chini ya mifereji. Mabati ya asbesto yasikatwe wala kutobolewa, mwite mtaalamu.

Udongo ndio unaoua mauzo mengi. Tafuta mabomba yaliyochomoza ardhini bila kazi, kwani huenda chini kuna tangi la mafuta. Angalia madoa meusi kwenye nyufa za zege mahali palipokuwa na mashine. Dalili zikiwepo, agiza ukaguzi wa mazingira mapema. Ukiujua udongo ulivyo, utapatana kwa gharama halisi ya kusafisha. Mnunuzi akigundua mwenyewe, atakata bei kwa hofu.

Hatua ya 4: Wapangaji na bei

Kama kuna wapangaji, andaa jedwali la kodi, tarehe za mwisho za mikataba, amana na malimbikizo. Kila mpangaji athibitishe kwa maandishi. Mwekezaji huchukua kodi ya mwaka, hutoa gharama, kisha hugawa kwa kiwango cha faida anachotaka. Mapato halisi ya 100,000 kwa asilimia 8 yanatoa bei ya 1,250,000. Kwa asilimia 9 bei inashuka hadi 1,111,111. Kwa hiyo kuficha gharama ya ulinzi au bima hakufai: ikijulikana, kila 1,000 inaondoa zaidi ya 11,000 kwenye bei.

Hatua ya 5: Tangazo na ofa

Piga picha ghala likiwa tupu na limefagiliwa, milango ikiwa wazi. Wageni waje saa ambazo malori yanapakua, waone uwanja ukifanya kazi.

Usiangalie bei ya ofa peke yake. Uliza fedha zinatoka wapi, uchunguzi utachukua siku ngapi, na arbuni (malipo ya awali ya mnunuzi) itaacha kurudishwa lini. Ofa kubwa yenye siku 120 za uchunguzi hukufungia soko bila kukuhakikishia chochote.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Someni mita za maji na umeme pamoja, mpige picha. Amana za wapangaji zihamishwe kwa maandishi. Bima usiisimamishe hadi umiliki uandikishwe kwa jina jipya, na mkataba useme wazi nani anabeba hasara ghala likiungua kabla ya hapo.