Namna ya Kuyatambua Maua Asilia katika Matembezi ya Porini

Anayeanza kujifunza maua ya porini huvutwa na rangi, ilhali rangi ni alama isiyotegemeka, kwa kuwa spishi moja yaweza kuchanua kwa rangi mbili au tatu. Anza badala yake kwa kumwomba kiongozi wa matembezi akuoneshe mimea vamizi ya eneo hilo, kwani kando ya njia, ambako udongo umevurugwa na nyayo na magurudumu, ndiko mimea ya kigeni hustawi zaidi. Lantana camara, kwa mfano, asili yake ni maeneo ya tropiki ya Amerika, lakini imeenea Afrika, Asia na Australia kiasi cha kudhaniwa kuwa mwenyeji.

Ukishawajua wageni, peleka macho mbali kidogo na njia: kwenye mpaka wa msitu na nyasi, nyufa za miamba, kingo za maji, na hasa mahali palipoungua, kwa sababu baadhi ya mimea yenye tunguu ardhini huchanua baada ya moto.

Ukiona ua, usilichume, chuchumaa ulitazame. Sehemu zilizopangwa tatu tatu, pamoja na majani yenye mishipa sambamba, kwa kawaida huashiria monokotiledoni, yaani mimea ambayo mbegu yake huwa na jani-mbegu moja, zikiwemo okidi, ambazo petali (jani la ua) yao moja hutofautiana na nyingine na huitwa mdomo. Jihadhari na jamii ya alizeti, kwa maana kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10 itakudhihirishia hilo papo hapo. Kisha geukia majani na shina, ambavyo kwa maoni yangu hupuuzwa mno: shina la pembe nne lenye majani yanayokabiliana mawili mawili laweza kukuelekeza kwenye jamii ya mrehani, hata ua likiwa limekwisha kunyauka. Utomvu mweupe usiuguse, kwani wa baadhi ya mimea huwasha ngozi na kudhuru macho.

Piga picha ya ua kwa mbele na ubavuni, ya jani pande zote mbili, na ya mmea mzima mahali ulipoota. Ukiziweka iNaturalist, mtandao ulioanza mwaka 2008 ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, ficha mahali halisi pa okidi adimu, kwa kuwa wanaong'oa mimea adimu huzitafuta, nazo zikihamishwa mara nyingi hufa, kwani hutegemea kuvu wa udongo wake.